Yamakwe

Kila Jumapili saa kumi alasiri, katika nchi hii ya watu ninayoishi mwaka wa tisa sasa, watu wazima wenye akili zao huketi mbele ya televisheni kumtazama mwanamuziki aliyevaa raba nyeupe akichimba shimo. Kipindi kinaitwa Mastaa Bustanini. Mastaa sita wamegawiwa vijibustani sita, kila kimoja kipana kama kitanda, na kila wiki watazamaji wanapiga kura nani aendelee kupanda na nani arudi kwao. Sisi neno letu ni moja tu, kupanda mbegu na kupanda ngazi, na kwa kipindi kile linatosha kabisa, maana sijaona pale hata mmoja aliyeshika mbegu kwa nia nyingine.

Mimi nimesomea kilimo. Miaka mitatu chuoni, sita kazini, bwana shamba wa wakulima mia tatu. Huku vyeti vyangu havikutambuliwa, nikaishia duka la bustani, kuuza udongo. Ndiyo, udongo, kwenye mifuko yenye picha ya nyanya. Siku ya kwanza nilipomwona mzee mzima akisukuma toroli lenye mifuko minne ya udongo kwenda kulipia, nilidhani wananitania kwa kuwa mgeni. Kwenye aproni yangu kuna beji imeandikwa "Niulize". Hakuna anayeniuliza kitu, isipokuwa glovu za waridi kama za yule mwigizaji wa Mastaa Bustanini ziko rafu gani.

Nyuma ya jengo tunaloishi, manispaa imekata viwanja vidogo kwa wapangaji wanaotaka kulima. Mke wangu aliomba tuchukue kimoja. Nilimwambia mimi si mtu wa kuchezea eneo la kuzikia paka.

"Basi kaa na utaalamu wako, Bwana Shamba," akasema. Huniita hivyo anapotaka kunichokoza.

Malkia wa viwanja hivyo ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mstaafu aliyekuwa karani wa posta. Nilimbandika jina la Bibi Glovu, kwa sababu huvaa glovu hata kuokota jani. Humwagilia mimea jua la utosini, huku akiiimbia. Kila anachokifanya amekitoa kwenye televisheni. Mwanamuziki akiweka maganda ya mayai, na yeye anaweka maganda ya mayai. Nikipita njia ya pembeni huangalia mbele tu, nisije nikasimama nikatukana.

Mwaka huu wazimu ukazidi. Wateja wakaanza kuja dukani kutafuta mbegu za maharage yanayoitwa Yamakwe.

"Hatuna," nikawa najibu.

"Mbona pale viwanjani kila mtu anayo?"

"Basi waombeni wao."

Jina kama la pikipiki. Nikajua ni ugonjwa mpya wa televisheni na hata sikujisumbua kulitafuta kwenye orodha.

Wiki hiyohiyo mwigizaji wa glovu za waridi alitolewa kipindini. Akasimama mbele ya mchicha wake ulionyauka, machozi yakimtiririka, akasema, "Nimejifunza kwamba mbegu isipopandwa inakufa." Watazamaji wote pale bustanini wakasimama kumpigia makofi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Jambo la wiki ya kwanza chuoni, na mtu analililia na kushangiliwa kana kwamba amevumbua moto.

"Si kweli kwani?" mke wangu akauliza.

"Ni kweli. Hata jua ni kweli, lakini halipigiwi makofi."

Siku mbili baadaye dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani. Mama yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka, na dada ndiye aliyebaki na shamba. Alikuwa amefungua gunia la mbegu za mama, yale maharage meupe yenye doa jekundu kwenye kitovu, ambayo mama alipewa na mama yake na hakuna mwingine aliyewahi kuwa nayo pale kwetu.

"Yamebunguliwa yote, mdogo wangu. Limebaki vumbi. Lakini wewe si mama alikupa kopo zima siku unaondoka?"

"Ninalo."

"Nitumie hata konzi moja. Mvua ikianza nipande. Zikipotea hizi, mama ndiyo amekwisha."

"Ondoa wasiwasi," nikasema. "Umesahau unaongea na nani? Kwa mtaalamu hakiharibiki kitu."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Kopo lilikuwa juu ya friji, kule nyuma panapotoka joto, na limekaa hapo miaka tisa. Nilikuwa nimempiga marufuku mke wangu kuligusa, kwa sababu maharage ya mama yangu hayakuwa ya kupandwa kwenye viwanja vya wachezaji. Ningekuja kuyapanda siku nikiwa na shamba.

Nikachukua punje kumi, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaziweka kwenye sahani dirishani jikoni. Ndivyo nilivyowafundisha wakulima mia tatu kupima mbegu. Siku ya saba nikafungua. Zilikuwa zimeoza, zinanuka. Nikaweka nyingine ishirini, kisha arobaini. Hakuna iliyotoa hata ncha ya mzizi. Kila mkulima wangu nilimwambia: weka mbegu pakavu, pa baridi, na kila msimu ipande upate mpya. Nyani haoni kundule. Dada akapiga mara mbili na sikupokea. Nilimwogopa dada yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumapili ikawa fainali. Televisheni ya Bibi Glovu ilikuwa imeharibika, na mke wangu, bila kuniuliza, akamkaribisha kwetu. Nikajikaza kisabuni. Mwanamuziki wa raba akashinda kwa boga moja. Bibi Glovu akafuta machozi, akaenda jikoni kunywa maji, na huko akakaa kidogo.

"Jirani," akaita. "Hizi si Yamakwe? Mbona mmeziozesha?"

Nikaenda jikoni. Alikuwa ameishika sahani yangu, anaisikitikia.

"Hizo si Yamakwe," nikamwambia. "Hizo ni mbegu za nyumbani kwetu. Huku hazipo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akashuka kwake. Aliporudi alikuwa na chupa kubwa ya jemu iliyojaa maharage meupe, kila punje na doa lake jekundu kwenye kitovu. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, kwa mwandiko safi wa karani, kulikuwa na maneno mawili: YA MAMKWE.

Nikamgeukia mke wangu.

"Mwaka wetu wa tatu hapa," akasema taratibu. "Aliniuliza kwetu tunapanda nini. Nikachota konzi moja kwenye kopo. Akaniuliza jina lake, nikasema sijui jina, ni ya mamkwe. Akaandika, na majirani wakalitamka wanavyoweza."

"Na hukuniambia."

"Ungenisema mpaka leo."

Bibi Glovu akatutazama kwa zamu, maana hapo tulikuwa tunaongea kwa lugha yetu. Akaeleza kwamba kila mwaka amepanda, akavuna, akachagua punje nzuri, akagawia majirani, akabakiza za msimu ujao. "Si unajua," akaniambia kwa upole, "mbegu isipopandwa inakufa."

"Najua," nikasema. Nilijua kabla yake na kabla ya yule mwigizaji. Nina cheti.

Nikatia punje moja mdomoni, nikaibana kwa meno. Ilikuwa ngumu, kavu sawasawa. Nikatafuta kasoro kwa moyo wangu wote, na sikuipata. Akanimiminia nusu ya chupa, akakataa hata shukrani, akashuka zake kumwagilia.

Nikampigia dada.

"Za mama zipo," nikamwambia. "Kesho nazituma."

"Nilijua tu. Wewe ni mtaalamu."

Ningeweza kunyamaza hapo, na nusura ninyamaze.

"Hazikutunzwa na mimi, dada. Zangu zimekufa zote."

"Zimetunzwa na nani basi?"

"Na jirani. Mama mmoja hivi, anaangalia televisheni."

Nikamsikia analia, au anacheka, kwa dada yangu huwezi kujua.

"Anaitwa nani?" akauliza. "Nimtaje nikisali."

Nikafungua mdomo, na jina pekee lililokuja lilikuwa lile nililombandika mwenyewe. Miaka tisa ngazi moja, mlango mmoja wa kuingilia. Nikamwambia dada asikate simu, nikashuka uani kumuuliza.