Jiwe Linalovuka Njia Yetu

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Wenzake katika kituo cha kutazamia nyota walimwita Darubini, kwa vile jicho lake halikubanduka kwenye vioo. Nyumbani alipitia tu kubadilisha shati. Wiki hiyo jicho likampatia kitu: nukta hafifu iliyosogea katika picha za siku tatu mfululizo, huku nyota za jirani zimetulia kama wageni waliopewa viti. Lilikuwa jiwe kubwa kama kilima, linalizunguka jua kivyake, na hakuna aliyewahi kuliripoti.

Asubuhi akaingiza vipimo kwenye kompyuta imchoree njia ya jiwe. Ikachorwa mfano wa yai lililobanwa, ikakata njia ya dunia. Mpaka hapo hakuna ajabu, mawe ya namna hiyo ni mengi. Ajabu ni kwamba, kwa hesabu ile, baada ya miaka saba jiwe na dunia vingefika kwenye makutano kwa wakati mmoja.

Mkewe, mshona nguo, alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kumtatiza akiinamia cherehani. Darubini akajikuta anapiga hesabu nyingine: mtoto atakuwa ndiyo kwanza anajua kusoma.

Mwenye akili angemwita mkuu wa kituo. Yeye akampigia mkewe, akamwambia aketi. Mkewe akajibu kwamba hajawahi kushona amesimama. Darubini akamweleza yote. Cherehani ikanyamaza. Mkewe akauliza kama ana hakika, naye, mjinga yule, akasema anayo.

"Haya," mkewe akasema taratibu. "Basi njoo nyumbani."

Ndipo akampelekea mkuu wa kituo ile michoro. Mama yule alikuwa na mazoea ya kukagua kazi za watu huku akimenya chungwa. Akamenya, akatazama, akasema nukta ya kwanza na ya tatu zimekaa sawa, ya katikati imekaa kombo. Siku ile kulitokea nini? Darubini akakumbuka: umeme ulikatika, saa ya mtambo wa kupigia picha ikazimika.

"Ukairudisha kwa kufuata nini, mwanangu?"

Darubini akanyoosha mkono, akaonyesha saa yake.

Mkuu akaliweka chungwa chini. Hata mwanafunzi wa juzi anajua kwamba vipimo vya anga huandikwa kwa saa moja tu, ile ya watazamaji wa nchi zote, ambayo iko nyuma ya saa za mtaani kwao. Saa ya mkononi, alisema mama yule, ni ya kuwahia basi.

Wakasahihisha. Mkuu akafukua picha za zamani, akalikuta jiwe lilelile mahali hasa hesabu mpya ilipodai lingekuwa miaka hiyo. Njia zilikatana bado, ila kila mara jiwe linapofika kwenye makutano, dunia iko kwingine. Kama watu wanaotumia mlango mmoja, huyu zamu ya mchana, yule ya usiku. Darubini akacheka mpaka akakaa sakafuni, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Alifika nyumbani anahema. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi kama aliyetua ndoo kichwani, akalishika tumbo kwa mikono miwili. Kisha akamtupia kibiringo cha uzi, kikampata sikioni.

Wakala, wakacheka, wakabishana. Mkuu alikuwa amesema kwamba njia ikishathibitishwa, mgunduzi ataruhusiwa kupendekeza jina, na Darubini alitaka jiwe liitwe kwa jina la mtoto. Mkewe akakataa kabisa kumtwisha mwanawe jiwe lililowatoa jasho. Darubini akasema ni heshima kubwa, litadumu angani milele. Mkewe akasema heshima hiyo aipeleke kwingine. Chakula kikapoa.

"Sasa mke wangu, unataka nilipe jina gani?"

"Lipe lako," mkewe akasema, akiokota uzi wake. "Nalo, kama wewe, linapita tu karibu na nyumba, haliingii."