Wikio Umefungwa

Magoti yangu yamechoka, na mie mwenyewe nimechoka nayo. Nasema mapema, asije mtu akaniambia nina hasira. Hasira ninayo, lakini ni ya magoti.

Nyumba yangu na ya wifi yangu Shifa, dadake marehemu mume wangu, zatazamana juu ya kichochoro kimoja hapa Mji wa Kale. Babu yao alizijenga zote mbili, na ghorofani akaziunganisha kwa wikio, yaani kijia chenye kuta na paa kinachopita juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Miaka yote nikipita humo kichwa wazi, miguu mitupu, sahani ya viazi vya karai mkononi.

Kisha boriti moja ikaoza. Wakaja watu wa mambo ya kale, wakatazama, wakasifu, wakapiga picha. Ati wikio ni turathi, tusiguse hata msumari mpaka fundi wao aje. Wakafunga kamba huku na huku, wakatundika kibao cha HATARI, wakaenda zao. Fundi hajaja hadi leo. Waliokuja ni popo, wananing'inia humo raha mustarehe.

Sasa kwenda kwa Shifa lazima nivae buibui, nishuke ngazi zangu, nipande zake. Na lazima niende, kwani tangu aanguke msalani hatembei ila kwa kushika ukuta. Chai mie, dawa mie, kumkanda mgongo mie. Nimemwambia ahamie kwangu mpaka ulimi umeota sugu. Jibu lake ni lile lile: "Hapa nilizaliwa, hapa nitatolewa na jeneza. Kama umechoka, usije." Umesikia hayo? Usije! Na akitaka kitu huchukua mchi wa kinu akagonga mlango wa wikio, gwa gwa gwa, nami hutoka mbio.

Jana baada ya alasiri ndiyo kwanza nimerudi kutoka kwake. Nimenyoosha miguu, chai haijafika mdomoni. Gwa gwa gwa!

"Ya Rabi," nikasema, "huyu mtu ataniua kabla yake."

Nikainua kikombe. Akagonga tena, kwa nguvu, bila kupumzika. Hapo roho ikaniruka. Nikajua kaanguka tena. Nikavaa buibui kinyume, nikashuka.

Kichochoro kimejaa watalii waliotoka Ngome ya Yesu. Lewis, kijana anayewatembeza, kainua kidole juu, awaeleza jinsi wanawake wa zamani walivyopita bila kuonekana.

"Shikamoo Bi Swafia," akasema. "Kidogo tu, wamalize picha."

"Marahaba, na hicho kidogo sina. Waambie nipo wa leo, nataka kupita na nionekane!"

Bibi mmoja wa Kizungu akanionyesha kwa mkono nisimame chini ya wikio anipige picha. Ikaniuma sana. Nikampiga kumbo, Mungu anisamehe, nikapita. Vumbi la chokaa likatudondokea kutoka juu. Lewis akajipangusa bega, mie nikawalaani popo.

Ngazi za Shifa nilizipanda kwa mikono na miguu, nikimwita. Kitanda kitupu. Msalani hakuna mtu. Ndipo nikaona mlango wa wikio u wazi, kamba imekatwa, kibao cha HATARI kiko chini kifudifudi.

Nikachungulia. Ng'ambo, nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, amekaa Shifa, mchi mapajani, jasho lamtiririka, anakunywa chai yangu.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Umepitaje?"

"Nimeshika ukuta."

"Na kugonga kote kule?"

"Nalikuwa nakwambia usishuke, naja mie! Lakini wewe ukisikia mchi hujui lingine ila kushuka."

Nikamtukana, nikalia, vyote pamoja. Nikamuuliza kilichomtia wazimu ni nini, mtu aliyeapa hatoki ila kwa jeneza.

Akajifuta jasho.

"Ulipoondoka ulisahau mtandio," akasema. "Nikajikokota nao mpaka juu ya ngazi. Nikakuona unashuka kwa makalio, Swafia. Unashuka kidato kimoja, unapumzika. Unayabembeleza magoti kama mtoto mchanga." Akauweka mchi chini. "Kumbe kila siku ni hivyo, na mie huku nagonga tu."

Hilo nalimficha makusudi.

"Funga mlango wangu wa chini uje," akasema. "Msahafu wa mama ninao. Vingine kesho."

Nikafunga, nikavua viatu, nikaingia ndani ya wikio. Boriti ikalia, popo wakanipitia masikioni. Chini nikamsikia Lewis akiwaambia wageni wake kwamba siku hizi hapiti mtu.

Kiti changu kilikuwa kishatwaliwa, basi nikakaa sakafuni kando ya miguu yake.

"Chai imekwisha," Shifa akasema.

Nikaanza kuinuka, mkono mmoja sakafuni, mwingine gotini. Akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini.

"Kaa," akasema.