Duara Lililofika Newala

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepewa nafasi ya mpenzi mkuu katika filamu ya mapenzi na ngoma. Mimi, Fulgensia, Mmakonde, nacheza sindimba, ngoma yetu ya kukata kiuno. Mpenzi wangu Hitesh, Mhindi wa mtaa wa pili, anacheza dandia, ngoma yao ya fimbo. Nampenda kwenye filamu na, tusifichane, nampenda hata taa zikizimwa.

Mwongozaji ni kamera yenyewe. Imekaa kitini imekunja nne, ingawa ina miguu mitatu.

"Wewe unawakilisha Wamakonde wote," inaniambia.

"Wote?"

"Wote. Waite waingie."

Wanaingia, shangazi Leokadia mbele, kanga kaifunga kiunoni. Nyuma yao Wayao, Wamwera, Wahindi wa Lindi na wa Mikindani, kwa kuwa hakuna anayekubali kuwakilishwa huku yeye amebaki nyumbani. Kila mtu ana fimbo mbili.

Dandia ina sheria yake: unagonga fimbo na aliye mbele yako, kisha unasogea kwa anayefuata. Hitesh anagonga na mimi, anatabasamu, anaondoka. Anagonga na shangazi. Anagonga na padri. Duara limetoka studio, limekatiza sokoni, limefika Newala, na watu bado wanaingia.

"Atarudi lini?" nauliza.

"Akimaliza wote," inajibu kamera. "Wewe simama hapo hapo, upendeze."

Nasimama, napendeza. Wivu unanitafuna. Nimewawakilisha watu wote, nao wamenichukulia mchumba.

"Filamu inakaribia kwisha," kamera inasema bila huruma. "Asiporudi, mwisho utakuwa wewe umesimama peke yako."

Kutoka Newala nasikia sauti ya shangazi. "We Fulgensia! Uliona wapi ngoma ya kusimama? Sogea, mwanangu, umfuate huku!"

Nasogea. Kamera inazimia. Nazunguka upande wangu, Hitesh anazunguka wake, kama dandia inavyotaka tangu mwanzo. Nagonga na bibi mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, na fundi cherehani wa Kihindi, na mbuzi ambaye hakueleza anamwakilisha nani. Kila hatua nakata kiuno, na kila ninayegonga naye anakata chake. Nina furaha mpaka naogopa nitaamka.

Mara Hitesh yuko mbele yangu, jasho linamtoka.

"Ulikuwa wapi muda wote?"

"Nilisimama."

"Kufanya nini?"

"Kupendeza."

Anacheka. Tunagonga fimbo. Sasa sheria inatutaka tuachane, lakini hatusogei, na duara zima linajifanya limesahau.

Nikaamka. Asubuhi nikateremka bombani, nikamkuta jirani yetu Mama Kalpana akichota maji kwa mkono mmoja. Kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Pole, mama. Umeumia na nini?"

"Unaniuliza mimi? Unapiga fimbo kama unatwanga mahindi, binti." Akanisogelea, akashusha sauti. "Mimi nilikuwa mbali, karibu na Newala, sikuona mwisho. Ulimfikia?"

"Nilimfikia, mama."

Akaiachia ndoo, akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia.