Chai ya Kikao cha Bajeti

Kwa miaka kumi na mmoja Metrine alifagia barabara za mji wao mdogo, kati ya Jinja na Mbale. Siku ya kikao cha bajeti aliitwa apike chai, maana mpishi alikuwa mgonjwa.

Akawa anamimina huku madiwani wakitafuta pa kupunguza. Posho zao hazikuguswa. Mwishowe Lawrence, diwani wa mtaa wake, akasema, "Tuwaondoe wafagiaji. Kila mtu afagie mbele ya mlango wake." Mikono yote ikanyooka. Diwani mmoja alinyoosha wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa unapokea kikombe kutoka kwa Metrine.

Kikao kilipokwisha alimfuata Lawrence mlangoni. Mwaka wa uchaguzi alikuwa amempigia kampeni nyumba kwa nyumba, jua na mvua.

"Mheshimiwa, na mimi pia?"

"Mama Alfayo, si ulikuwemo humo ndani? Umesikia mwenyewe."

"Watoto watakula nini?"

"Hali ni ngumu kwetu sote," akasema, akifunga katika karatasi sambusa mbili alizobakiza kwenye chai.

Metrine akanyoosha mikono kuzipokea. Lawrence akazitia mfukoni, akaingia garini.