Mbula Alipopewa Karatasi ya Bedan

Kila mtu aliyewahi kuitwa intavyuu mjini Thika alikuwa na ushauri wa kuwapa Mbula na Bedan. Vaa tai. Usikae kabla hujaambiwa. Ukiulizwa kasoro yako, sema unapenda kazi kupita kiasi. Wawili hao waliyakariri yote mbele ya Anti Mwongeli, shangazi yake Mbula aliyemlea huko Gatongora, mpaka anti mwenyewe, ambaye kompyuta aliijua kwa kuichungulia dirishani tu, akaweza kujibu maswali bila kigugumizi.

Walikuwa wamesoma pamoja chuo cha kompyuta pale Ruiru, mashine sita kwa wanafunzi arobaini, wawili hawa wakigawana kiti kimoja. Mapenzi yakaanzia kwenye kiti hicho. Huo ulikuwa mwaka wa 1997, na wazee wa kina Bedan walikuwa wameshatuma neno kwamba Agosti wangekuja kuleta mahari.

Kampuni iliyowaita ilikuwa na timu ya watu watano, juu ya duka la mbegu, wakiandika programu za viwanda na mashamba ya maua. Watu waliitwa wawili wawili, na nafasi za kazi zilikuwa mbili. Ungedhani zimekatwa kwa kipimo chao.

Asubuhi waliulizwa yale yale ya kawaida. Kisha kila mmoja akaketishwa kwenye mashine yake aandike programu ya kuhesabu siku za likizo za wafanyakazi, kwa muda wa saa mbili, bila kuongea. Walipomaliza ndipo likaja jambo ambalo washauri wao wote, pamoja na tai zao, hawakulitaja. Mkuu wa timu, Madam Apiyo, mwanamke mpole mwenye miwani, alizichapisha kazi zao na kuwabadilishia. Ya Bedan akampa Mbula, ya Mbula akampa Bedan. Akaeleza kwamba kwao hakuna kazi inayomfikia mteja kabla mwenzako hajaisoma na kusema ina shida gani. Wasome, kisha mmoja mmoja aingie awaeleze.

Mbula aliliona kosa kwenye ukurasa wa pili. Ukiandika jina la mfanyakazi ambaye hayumo kwenye orodha, programu ingelitafuta bila kukoma na mashine ingeganda. Akilisema, huenda Bedan akaharibikiwa. Lakini si nafasi zilikuwa mbili? Na si ndiyo kazi yenyewe waliyoombwa? Akapiga moyo konde, akaingia, akalisema. Akaongeza kwamba ni kosa la kurekebishwa kwa dakika tano, na kwamba hajaona mtu anayeandika kazi safi kama Bedan. Yote yalikuwa kweli tupu. Akatoka na furaha, maskini.

Bedan alipoingia hakukaa sana. Alitoka akamkonyeza, wakaenda kununua chipsi.

Wiki mbili baadaye barua zilifika. Mbula amepata, Bedan amekosa. Mbula alipokwenda Thika kupeleka barua ya kukubali kazi, alimuuliza Madam Apiyo mwenzake alikosea wapi, maana lile kosa lake lilikuwa dogo.

"Hata wewe ulikosea," Madam alimwambia. "Likizo ikianza Desemba iishe Januari, hesabu yako inaharibika. Hiyo si neno, kila mtu hukosea. Lakini Bedan tulimuuliza mara tatu kama ameona shida yoyote kwa kazi yako, na mara tatu akasema hakuna. Mtu wa kufichia wenzake makosa hatutamweza hapa."

Mbula alirudi Gatongora akijiambia kwamba labda Bedan hakuona. Aliomba iwe hivyo. Jioni Bedan alikuja kumpongeza, akaketi sebuleni kwa anti, na Mbula akamuuliza kama aliiona ile ya Desemba.

"Niliona mara moja."

"Na mbona hukusema?"

"Nikuseme, Mbula? Kwa watu?" Akasogeza kikombe chake cha chai. "Na yangu uliona?"

"Niliona. Nikawaambia."

Bedan hakufoka. Heri angefoka. Aliitazama chai yake mpaka ikaanza kushika utando, ndipo akauliza swali moja tu.

"Na wakikuuliza tena leo, ukijua nitakosa kazi?"

Mbula alilijua jibu ambalo lingemrudisha. Lilikuwa jepesi, neno moja, na alimpenda mtu huyu kuliko kazi yoyote iliyo juu ya duka lolote. Alifungua mdomo kulisema likakataa.

"Ningewaambia," alisema.

Bedan aliinuka, akaenda jikoni kumuaga Anti Mwongeli kwa mikono miwili kama kawaida yake, akafunga mlango polepole.

Agosti hakuna mgeni aliyekuja. Jumamosi ile ambayo wazee wangefika, Mbula alikwenda kazini. Alipewa asome kazi ya Junaid, kijana aliyepata nafasi ya pili. Akakuta makosa manne, akayataja yote manne, na Madam Apiyo akamsifu mbele ya timu nzima kwamba hivyo ndivyo wanavyotaka watu wao wafanye. Mbula alishukuru, akaenda chooni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.