Tufaha Chini ya Upenu

Edla Brandvold alikuwa mwoga wa mapaa. Si jambo la kutangaza kwa mtu anayekula kwa kuchora nyumba, naye hakulitangaza. Wataalamu wa Chicago walipoisifu michoro yake, wakasema tazameni nyumba zinavyolala chini na kunyooka kama mbuga yenyewe, yeye aliitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba alishusha mapaa kwa sababu paa la chini likianguka halitoki mbali.

Baba yake, Knut, alikufa chini ya fremu ya zizi huko Wisconsin, siku majirani walipokusanyika kuisimamisha kwa kamba na mabega. Edla alikuwa na miaka tisa, ameshika jagi la maji. Alisikia mbao ikilia kabla haijavunjika, sauti nyembamba ya kukwaruza meno. Wanaume hawakuisikia kwa kuwa walikuwa wanaimba. Hakupiga kelele. Alidhani watu wazima wanajua wanachofanya, na kwa hilo hakujisamehe hata siku moja.

Alikaa miaka kumi na mmoja katika karakana ya bwana mmoja mkubwa pale Chicago. Nusu ya madirisha na penu ndefu zilizompa bwana yule sifa zilitoka mkononi mwa Edla, lakini pembeni mwa mchoro saini ilikuwa ya bwana. Ndivyo ilivyokuwa, na aliyelalamika alionyeshwa mlango. Alipofikisha miaka thelathini na minane, akapata kazi ya kwanza ya jina lake mwenyewe: nyumba ya Orrin Pruitt, mwenye maghala ya nafaka kando ya reli, katika mji wa Harlow Prairie, Iowa. Pruitt alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe na shemeji aliyejenga nyumba yenye upenu wa futi nane. Kwa hiyo yeye alitaka futi kumi na mbili, juu ya baraza lote la mbele, bila nguzo hata moja.

"Ukiniridhisha mimi," alisema, "maktaba ya mji ni yako. Mwenyekiti wa kamati unamwona mbele yako."

Edla alipiga hesabu mara saba. Boriti mbili nene zilianzia kwenye bomba la moshi katikati ya nyumba, zikapita darini, zikavuka ukuta na kutokeza nje futi kumi na mbili. Mkia wa kila boriti ulifungwa kwa mkanda wa chuma kwenye matofali ya bomba lile. Ilikuwa sawa na ubao wa watoto uliowekwa juu ya gogo: wa nje anakaa hewani kwa sababu wa ndani ni mzito.

Karakana ile ya Chicago ilikuwa na desturi yake. Siku ya kung'oa miega, zile nguzo za muda zinazoshikilia upenu wakati wa ujenzi, msanifu husimama chini yake. Kama ni kumwangukia mtu, umwangukie aliyeuchora. Mwezi Agosti mji mzima ulikuja kutazama. Edla alisimama katikati ya baraza, na ili mikono ipate kazi, akachukua tufaha kwenye kikapu cha mtu na kuling'ata. Fundi seremala, mzee Anton Havlik, Mcheki mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, akagonga miega mmoja mmoja kwa nyundo. Upenu ukabaki pale ulipo. Watu wakashangilia, wakasema yule mwanamke ana moyo wa jiwe, anakula tufaha kama yuko sokoni. Edla alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Novemba aliitwa kwenye sherehe ya kuhamia. Treni ilimshusha saa sita mchana, theluji ya kwanza ikianguka, ile ya maji maji inayoshikamana na kila kitu. Tayari ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu. Alitembea kutoka stesheni na begi lake, akapinda kona, akaiona nyumba yake. Akasimama.

Mstari haukuwa sawa.

Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuchora mistari iliyolala, na huu ulikuwa umeinama upande wa nje. Alimkuta mzee Havlik akikung'uta buti mlangoni.

"Binti, umepauka! Huko Chicago hawakulishi?"

"Mzee Anton, hebu utazame upenu ule. Uko sawa?"

Mzee akafumba jicho moja. Uso ukambadilika. "Umeshuka. Kidole kimoja."

"Viwili. Njoo."

Walipita sebuleni katikati ya harufu ya supu ya chaza na maziwa, wakapanda ngazi hadi darini. Pale juu palikuwa na kitu kisichokuwepo kwenye mchoro wowote: tangi la maji, jipya, linang'aa. Na ili likae vizuri karibu na bomba la moshi, mikia ya boriti zote mbili ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Mikanda ya chuma ilining'inia kwenye matofali, haijashika kitu.

"Yesu na Maria," mzee alisema.

"Nani amekata?"

"Fundi bomba, wiki iliyopita. Mimi nilikuwa kwa binti yangu, amejifungua." Alishusha sauti. "Bwana Pruitt ndiye aliyemruhusu. Jana alijisifu kwangu kwamba ameondoa vipande vya mbao, sikujua ni hivi. Amejenga maghala sita, anasema, na kwenye ghala mbao ikishavuka ukuta na kuingia ndani imemaliza kazi. Kinachozidi ni mabaki."

Basi futi kumi na mbili za paa, na theluji juu yake, zilikuwa zinashikwa na misumari ya dari. Edla aliweka kiganja kwenye boriti. Ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo, kwa mbali.

"Miega iko wapi?"

"Nyuma ya nyumba, chini ya theluji. Nitahitaji nusu saa nikiwa peke yangu."

"Kimbia, mzee wangu."

Aliposhuka sebule ilikuwa tupu. Bakuli za supu zilikuwa zimeachwa mezani, vijiko ndani. Mpiga picha alikuwa ameweka kamera yake bustanini chini ya mwavuli, na kwa vile theluji ilikuwa ikiendelea, amewapanga wageni wote pale pasipofikiwa na theluji, barazani. Watu thelathini na kitu. Wanakwaya wa kanisa mbele, akina baba nyuma, vitoto miguuni. Na Bi Lavinia Pruitt, mke wa mwenye nyumba, alikuwa anapita na kikapu akimpa kila mtu tufaha.

"Msanifu wetu huyo!" Pruitt alinguruma. "Njoo katikati! Tunapiga picha ya kukuiga. Kila mtu na tufaha lake, halafu namtumia shemeji yangu nakala apate vidonda vya tumbo."

Wakacheka wote. Edla alisimama kizingitini. Alisikia hofu ikimpanda, ileile ya jagi la maji.

"Bwana Pruitt, watoe watu hapa. Sasa hivi. Mikia ya boriti imekatwa."

"Ile? Niliruhusu mimi mwenyewe. Vipande viwili vya mabaki."

"Si mabaki. Ndivyo vinavyoshika upenu."

"Vipo ndani, bibi we! Upenu upo nje!" Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Ubao wa darini unashika paa la barazani. Kesho ataniambia kitanda changu kinashika ngazi."

Kicheko kingine. Hester Oakley, kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye huruma, alimnyooshea tufaha. "Hebu njoo, mpenzi. Wewe si ndiye uliyesimama hapa Agosti? Tuliona kwa macho yetu. Leo unatutisha nini?"

"Agosti mikia ilikuwa mizima! Tafadhali, dada Hester, shuka bustanini."

"Na theluji hii? Na viatu hivi?"

"Jamani, msitingishike," mpiga picha aliita. "Imbeni kidogo, nyuso zilegee."

Nao wakaanza kuimba. Sauti nne, zimepangwa vizuri, wimbo wa Jumapili. Juu ya vichwa vyao Edla akaisikia, nyembamba, ya kukwaruza meno. Aliwatazama usoni mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia. Kitoto kimoja tu kiliinua macho, kisha kikaendelea kung'ata tufaha.

Ukweli ulikuwa umeshasemwa na haukumwondoa mtu hata hatua moja. Wasingeamini kamwe kwamba Orrin Pruitt, mwenye maghala sita, amekosea kuhusu mbao. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho wangekiamini haraka, bila kuuliza swali, na Edla alikijua vizuri kwa kuwa alikiona machoni mwa watu kila alipofungua michoro yake mezani. Aliwaza maktaba. Aliwaza herufi za jina lake zimechongwa kwenye jiwe la mlango. Kisha akatoka kizingitini, akaingia chini ya upenu katikati yao, akapiga kelele ambayo ilikuwa imemkaa kifuani kwa miaka ishirini na tisa.

"Nimekosea hesabu!"

Wimbo ukakatika.

"Mchoro ni mbovu. Ni kosa langu. Nilijua tangu Agosti, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kazi ya maktaba. Upenu huu ni mrefu mno, siwezi hesabu za namna hii, sikuziweza kamwe. Unaanguka! Tokeni!"

Ilichukua pumzi moja. "Mimi nilisema!" mwanamume mmoja nyuma alipayuka. "Nilisema, mwanamke kupewa kazi hii!" Na hapo hapo wakaamini, wote kwa mpigo, kama vile walikuwa wanasubiri ruhusa. Wakamwagika bustanini, wanawake wakivuta watoto, viatu vizuri vikizama, matufaha yakidondoka. Pruitt alibaki amesimama na shingo yake ngumu hadi mkewe alipomkamata mkono wa koti na kumburuta. Edla alitoka wa mwisho. Alitembea kwa kushika ukuta, kisha akatambaa.

Upenu ulishuka taratibu kuliko alivyotarajia. Ulilia, ukainama kama mtu anayetaka kukaa, kisha ukaanguka wote kwa kishindo kimoja na kuvunja baraza. Mpiga picha alirushwa na upepo wake akakaa kwenye theluji. Vumbi lilipotulia, hakukuwa na mtu chini yake.

Kwa muda watu walihesabu watoto wao tu. Kisha macho yote yakamgeukia, na Edla aliona kwamba hakuna jicho la shukrani hata moja.

"Ulijua," alisema Hester Oakley, akilia. "Ulituacha tukasimama pale. Na wajukuu wangu."

Mzee Havlik alitokea kona ya nyumba, mwega begani, anahema. Akatazama kifusi, akamtazama Edla, na alipoambiwa na watu watatu kwa pamoja kilichotokea, akautupa mwega chini.

"Uongo! Mchoro ulikuwa sawa! Mikia ilikatwa kule juu, mimi nimeona. Pandeni mkaone na nyinyi! Bwana Pruitt, waambie!"

Pruitt alikuwa amepauka. Aliangalia darini, kwenye tundu ambapo boriti zilikuwa zimeng'oka. Alikuwa mtu wa mbao, si mpumbavu. Edla alimwona akielewa, kipande kwa kipande, hadi mwisho. Kisha Pruitt akatazama buti zake.

"Anton, wewe ni mtu mwema," alisema. "Lakini amekiri mwenyewe, mbele ya watu thelathini. Nenda kapumzike."

"Binti, sema!" mzee alimsihi. "Waambie ulidanganya kuwaokoa!"

Edla aliwapima kwa macho. Mwongo aliyekiri akisema sasa kwamba kukiri kwake ndiko kulikuwa uongo, nani angemsikiliza? Alikuwa na baridi, na alikuwa na uchungu mkubwa, na mbele yake kile kitoto kilichoinua macho kilikuwa kinaendelea kula tufaha lake.

"Waache, mzee wangu," alisema. "Nisaidie kutafuta begi langu."

Kazi ya maktaba alipewa mtu wa mji wa Des Moines. Gazeti la mji liliandika, magazeti mengine yakanakili, na jina la Edla Brandvold halikuwekwa tena pembeni mwa mchoro wowote. Alipata meza nyuma ya ofisi moja ya Chicago, karibu na jiko la makaa, akachora nyumba za wanaume wengine. Zilikuwa nyumba nzuri. Usiku wa theluji hakulala. Aliziorodhesha kichwani, akijiuliza ni nani leo amepanda darini na msumeno.

Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka Harlow Prairie, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea zaidi penseli ya useremala.

"Binti," mzee Havlik aliandika, "Bwana Pruitt alichoka kutazama shimo, akataka upenu mwingine. Nikamwambia nitaagiza mchoro mpya kwa mtaalamu mwanamume. Nikautoa ule wako sandukuni, sikubadilisha hata inchi moja. Tangi nimelihamishia jikoni. Jumapili tuling'oa miega mbele ya mji mzima, nikasimama chini mimi, na tufaha. Wote wanasema, mnaona sasa, huyu ndiye anayejua hesabu. Nilitaka kucheka, nikalia. Upenu umesimama, binti yangu. Uko sawa kabisa, nimeupima."

Edla aliisoma mara mbili, akaikunja. Furaha na hasira vilimjia pamoja hata akashindwa kuvitenganisha. Alivuta karatasi ya mchoro, akachovya kalamu, akaandika jibu.

"Mzee wangu Anton. Asante. Panda tena darini leo, kabla theluji haijaanza. Andika kwa rangi kwenye mikia yote miwili, herufi kubwa: USIKATE HAPA. Kisha uniandikie kwamba umeandika."