Jina la Baba Sharo

Kwenye uwanja wetu wa mbwa hapa Ruse, Bulgaria, hakuna anayejua jina la mtu. Tunajua majina ya mbwa. Mimi ni Mama Bela, kwa sababu Bela ni mbwa wangu, mfupi wa miguu, mrefu wa kelele. Yupo Mama Figaro, muuza maua mwenye nywele nyekundu. Na alikuwepo Baba Sharo, ambaye kazi yake ilikuwa kugomba.

"Wewe! Mzigo wako huo!" alikuwa akipiga kelele akimwona mtu anajifanya hakuona alichoacha mbwa wake kwenye nyasi. "Au unangoja mama yako aje akuokotee?"

Watu walinuna, lakini waliokota. Bila yeye tusingekuwa na uwanja. Wakazi wa majengo ya jirani walitaka pawe maegesho ya magari, wakawa wanatafuta kinyesi kwa tochi wapate la kupeleka manispaa. Baba Sharo akawanyima sababu. Mbwa hafunguliwi kamba kabla lango halijafungwa. Mbwa asiye na chanjo haingii. Uzio tuliujenga kwa mikono yetu, yeye akiwa na misumari mdomoni na bado anagomba. Mwishowe hata wale jirani wakali wakawa wanakuja kukaa na kutazama mbwa wakikimbizana.

Tangu mume wangu afariki, ile saa moja ya uwanjani ndiyo ilikuwa maongezi yangu ya kutwa. Nikirudi nyumbani nafungulia redio ili pawe na mtu anaongea. Baba Sharo na mimi tulikaa benchi moja. Alikuwa akinimegea nusu ya banitsa yake, ule mkate wa tabaka wenye jibini, bila kusema karibu, nami naila bila kusema asante. Tulielewana hivyo hivyo.

Mwezi wa pili, baridi ikiwa bado kali, hakuonekana siku kadhaa. Kisha akaja msichana nisiyemjua, amemshika Sharo kwa kamba.

"Samahani, mama. Mnamjua huyu mbwa?"

"Tunamjua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki. Wapwa zake wamekuja, wamekwenda kumzika kijijini huko, nyumba wakafunga. Mbwa wamemwacha kwenye ngazi."

"Kwenye ngazi! Watu gani hao? Na yeye alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui, mama. Mimi nimehamia juzi tu. Nilikuwa namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta."

Sharo akaenda moja kwa moja kwenye benchi letu, akakaa analitazama lango. Nililia mbele za watu, na wala sikuona haya. Jioni nikaenda naye nyumbani.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuwaombea wafu. Unachemsha ngano, unaitia sukari, unawagawia watu huku ukitaja jina la marehemu, na anayepokea anasema Mungu amsamehe. Mume wangu nilikuwa namchemshia kila mwaka. Wale wapwa nilijua hawatachemsha hata chai. Nikasema nitamchemshia mimi. Lakini nitataja jina gani?

"Si useme Baba Sharo," akaniambia Mama Figaro.

"Mungu atamjuaje? Akina Sharo mji huu ni wengi kuliko kunguru!"

"Basi nenda kwa daktari wa mbwa. Si ndiye aliyetukera na zile chipu za shingoni, za kuonyesha jina la mwenye mbwa, mpaka tukawawekea wote? Wake atakosa?"

Hapo alisema kweli; hata Bela alikuwa nayo, ila aliyempeleka ni marehemu mume wangu, akaandikisha jina lake yeye. Daktari, kijana mpole anayeitwa Yavor, nilipomweleza kuwa mwenye mbwa amefariki, alipitisha kifaa chake shingoni mwa Sharo, akatazama kompyuta.

"Zahari," akasema. "Zahari Penkov."

Nikalirudia kimoyomoyo nisije nikalisahau. Miaka yote ile ningeweza kumwita Zahari. Nikashukuru, nikavuta kamba tuondoke.

"Subiri kidogo, mama. Kuna na mtu wa kutafutwa kama mwenyewe hapatikani." Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kaandikisha hivi: Mama Bela, uwanja wa mbwa. Basi. Hakuna simu, hakuna chochote. Nilimwambia, mzee, hili si jina. Akaniambia, sasa nitamuulizaje leo? Miaka yote nakaa naye benchi moja, ataniona sina adabu. Kila alipokuja hapa alikuwa akiniambia kesho nitamuuliza."

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na Sharo akaniegemea magotini kwa uzito wake wote. Mtu huyo alikuwa akimgombeza kila kiumbe pale uwanjani, kumbe mimi alikuwa ananiogopa.

"Unamfahamu huyo Mama Bela?" daktari akauliza.

"Ni mimi."

"Aa! Basi nipe jina lako nirekebishe. Mbwa ni wako sasa."

Jina langu sikuwa nimemtajia mtu tangu mazishi ya mume wangu. Hakuna aliyeuliza. Duniani alikuwepo mmoja tu aliyetaka kulijua, na huyo alikuwa keshazikwa.

"Nevyana," nikasema. Daktari aliandika, lakini sikuwa nikimwambia yeye.